Je, Wajua Sabuni ya Kunyolea Inataka Kupumua?

Ukutani kwa kinyozi wa Kimarekani, miaka ya 1880 na 1890, palikuwa na rafu ya vikombe vya kaure vilivyoandikwa majina ya watu kwa herufi za dhahabu. Vingi vilifika vyeupe kutoka Limoges, Ufaransa, na kutoka Ujerumani, kisha vikachorwa Marekani kwa agizo la mteja. Mwenye bucha alichorewa ng'ombe, dereva wa treni alichorewa injini, seremala akachorewa randa na msumeno. Chini kabisa ya kikombe ilikaa sabuni ya duara. Mteja alipoketi, kinyozi alikishusha kikombe chake, akalowesha brashi kwa maji ya moto, akaizungusha juu ya sabuni mpaka povu likaumuka. Alipomaliza kunyoa, kikombe kilirudi rafuni.

Watu walitaka vikombe vyao kwa sababu ya fahari, na pia kwa hofu ya upele wa kidevuni ulioaminika kuambukizwa na vifaa vya pamoja. Ila kuna jambo dogo kuhusu vikombe hivyo ambalo ni rahisi kulipita: kwa kawaida havikuwa na vifuniko. Sabuni ilikaa wazi, juu, penye hewa, mpaka mwenyewe arudi. Kwa kuikausha sabuni ya kunyolea, sijui utaratibu unaoushinda huo, na sababu yake imo ndani ya sabuni yenyewe.

Sabuni ya kuogea hupikwa kwa mafuta na magadi makali ya sodiamu, yale ambayo wapishi wa sabuni mitaani huyaita kostiki soda. Sodiamu hutoa sabuni ngumu, isiyoyeyuka haraka. Sabuni ya kunyolea huongezwa magadi ya potasiamu, na mara nyingine sehemu ya potasiamu huizidi ile ya sodiamu. Potasiamu huifanya iwe laini na iyeyuke upesi, ndiyo maana brashi iliyolowa huweza kuchota ya kutosha uso mzima kwa nusu dakika tu.

Upande wa mafuta nako kuna siri. Mafuta ya nazi, ambayo karibu nusu yake ni asidi ya lauriki, hutoa mapovu makubwa yanayopasuka kabla hujafika shavu la pili. Anayejaribu kunyolea sabuni ya nazi ya Pwani ameliona hilo. Kinachotakiwa ni povu zito lenye viputo vidogo mno vya hewa, likae dakika kadhaa bila kukauka. Kazi hiyo huifanya asidi ya steariki, ambayo ni kama sehemu moja kwa tano ya shahamu ya ng'ombe na hupatikana kwa wingi pia katika siagi ya mti wa shea. Aliyeichambua ni mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul. Kitabu chake kuhusu mafuta ya wanyama kilitoka mwaka 1823, na yeye mwenyewe aliishi miaka 102. Kabla yake watu walipika sabuni kwa uzoefu wa mkono. Yeye ndiye aliyeonyesha kwamba mafuta ni asidi zilizofungamana na gliserini. Gliserini hiyo huachwa ndani ya sabuni nzuri ya kunyolea, wakati mwingine huongezwa, kwa kuwa huvuta maji na kuyashikilia ngozini.

Basi tunacho kitu kilichotengenezwa makusudi kinywe maji haraka na kisiyaachie. Tabia hiyo haikomi ukishanawa uso. Ukifunika bakuli lenye sabuni iliyolowa, maji hayana pa kwenda: hupanda kuwa mvuke, hugandamana chini ya kifuniko, kisha hudondoka tena. Baada ya siku chache sura ya juu ya sabuni hugeuka utelezi mzito. Brashi huchota mwingi kuliko inavyohitaji, na sabuni ya miezi minne inakwisha kwa miwili. Penye pengo kati ya sabuni na ukuta wa bakuli hubaki maji yasiyokauka, na hapo harufu huanza kubadilika.

Huenda ukadhani ni ukungu, lakini ukungu hauipendi sana sabuni. Sabuni ina ualkali, pH yake ni kama 9 au 10, na vijidudu vingi haviwezi kustawi humo. Mwaka 1988 watafiti wawili wa Marekani walipaka vipande vya sabuni bakteria kwa makusudi, wakawapa watu 16 wanawe navyo. Bakteria hao hawakugunduliwa mikononi mwa hata mmoja. Tahadhari ielekezwe zaidi kwenye brashi. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia askari wa Uingereza na wa Marekani waliugua kimeta kilichotoka kwenye brashi za kunyolea, zilizotengenezwa kwa manyoya ya wanyama yasiyosafishwa ipasavyo. Brashi za leo hazina hatari hiyo, lakini kuilaza brashi iliyolowa ndani ya bakuli na kufunika ni kuharibu vitu viwili kwa mkupuo mmoja. Brashi ioshwe, ikung'utwe, isimame au ining'inie peke yake.

Vyombo sasa. Waingereza walizoea bakuli la mbao. Duka la D. R. Harris la London, lililoanza kama duka la dawa mwaka 1790, bado huuza sabuni ngumu ndani ya bakuli la mti lenye kifuniko, na sabuni ya kujazia huuzwa peke yake. Bakuli hilo lina uzuri ambao plastiki haitaupata kamwe: ni jepesi, halipigi kelele, halitelezi mkononi. Lakini mbao hunywa maji pamoja na sabuni. Hulowa asubuhi, huvimba, hukauka jioni, husinyaa, na siku moja huonekana ufa mwembamba ukifuata nyuzi za mti. Ukungu, ambao haukuiweza sabuni, huiweza mbao, hasa upande wa ndani wa kifuniko. Mwenye bakuli la mti asilitie maji hata kidogo. Achote sabuni kwa brashi iliyokamuliwa nusu, akoroge povu katika bakuli jingine au usoni, na mara mojamoja alipake mafuta mbao hiyo ikiwa kavu kabisa.

Kauri na kioo havina shida hizo. Kampuni ya Mitchell's ya Bradford, mji uliotajirika kwa viwanda vya sufu kaskazini mwa Uingereza, hutia kwenye sabuni yake mafuta yanayotoka katika sufu ya kondoo, na huiuza ndani ya bakuli zito la kauri. Kauri hainywi maji, haibadilishi harufu, na uzito wake huifanya itulie meza ikitikisika. Adui yake ni mkono wenye sabuni na sakafu ya vigae.

Bati linavutia kwa macho na ndilo ninaloliamini kwa uchache zaidi. Tundu dogo tu katika rangi ya ndani linatosha kuleta kutu, na kutu haichafui sabuni kwa rangi tu. Madini ya chuma na shaba huharakisha kuchacha kwa mafuta. Vidoa vya rangi ya machungwa vinavyoonekana kwenye sabuni ya zamani ni dalili ya hilo, na ndiyo sababu viwanda hutia kemikali za kuyafunga madini hayo. Alumini haishiki kutu, lakini ualkali wa sabuni huila taratibu isipokuwa imepakwa kinga.

Plastiki nayo si moja. Ile ya polipropilini, yenye namba 5 ndani ya pembetatu chini ya kopo, huvumilia sabuni na manukato kwa miaka. Ile ngumu inayong'aa na kuvunjika kirahisi, polistirini, haiyawezi mafuta ya maganda ya machungwa na ndimu: huyeyushwa nayo. Kwa hiyo usihamishie sabuni yenye harufu ya ndimu kwenye kikopo chochote kilichobaki jikoni bila kutazama namba.

Nimesema mengi dhidi ya kifuniko, lakini kifuniko kina haki yake. Manukato ni mafuta mepesi yanayopaa hewani, na sabuni iliyoachwa wazi miezi sita hubaki na kivuli cha harufu yake. Zinazopungukiwa zaidi ni sabuni laini za Kiitaliano, kama Cella ya Milano yenye harufu ya lozi, ambazo hukandika kama unga wa chapati. Zikikaa wazi siku nyingi hukauka, husinyaa na kupasuka. Ngumu, zile zilizopitishwa katikati ya magurudumu mazito ya kiwandani mara kadhaa ili kuzibana na kuzipunguzia maji, huvumilia hewa vizuri zaidi. Kwa zote mbili utaratibu ni uleule, tofauti ni muda: mwaga maji yaliyobaki, futa povu la pembeni kwa kidole, acha wazi mpaka sura ya juu isishike ukiigusa, kisha funika. Dodoma joto la mchana mmoja linatosha kuikausha, bila kuianika juani. Dar es Salaam na Mombasa, ambako unyevu wa hewa mara nyingi hupita asilimia 70, gliserini huvuta maji kutoka hewani yenyewe, na bafuni sabuni ngumu inaweza isikauke kamwe. Huko chombo kihamie kabati la chumbani, au kikae saa chache chini ya feni.

Jinsi ya kuitia sabuni ndani ya chombo nako kuna mambo. Bakuli liizidi sabuni kwa upana wa kidole juu, povu lipate nafasi. Sabuni ngumu ikicheza ndani, maji hupita chini yake na kuiyeyusha kutoka usikokuona. Usiiyeyushe kwa moto ili kuimimina: sabuni yenye steariki nyingi haimiminiki, huganda mabonge na kuunguza harufu. Iparuze kwa kiparuzio cha jibini au upande wa matundu madogo wa kiparuzio cha karoti, nyunyiza matone ya maji ya vuguvugu, shindilia kwa mgongo wa kijiko mpaka pembe zote zijae, acha siku mbili. Ile laini hukandwa kwa vidole tu. Cella huuza bonge la kilo moja, na wanunuzi wake hukata kipande cha kutosha bakuli, wakalifunga lililobaki katika karatasi yake na kuliweka gizani.

Wapo waliokimbia bakuli kabisa. Mchoraji Mmarekani John Goffe Rand alipata hataza ya tyubu ya bati laini mwaka 1841 kwa ajili ya rangi zake, na baadaye krimu za kunyolea zikaingia humo. Tyubu hutoa sabuni bila kuruhusu maji kurudi ndani. Waturuki wana Arko, kijiti cha gramu 75 kinachosuguliwa moja kwa moja kwenye ndevu zilizolowa. Colgate nayo, mwanzoni mwa karne ya 20, iliuza kijiti kilichokazwa kwa skrubu kwenye kishikio cha chuma, na matangazo yake yalimfundisha mnunuzi kukifungua kipande kilichobaki, kukilowesha na kukibandika juu ya kijiti kipya. Njia hiyo bado inafanya kazi kwa sabuni ya bakuli: kipande chembamba kilichosalia kiloweshwe upande mmoja, kibanwe juu ya sabuni mpya iliyoloweshwa pia, viachwe wazi usiku kucha bila brashi kuvigusa.