Japani wakati wa theluji: Miji mingapi yatosha safari ya kwanza?

WAKAZI wa Kalimoni, kati ya Ruiru na Thika, hawahitaji kwenda mbali ili kusikia habari za Japani. Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta (JKUAT), kilicho jirani yao huko Juja, kilianzishwa mwaka wa 1981 kwa msaada wa serikali ya Japani, na tangu wakati huo wahadhiri na wanafunzi wake wamekuwa wakienda huko kwa masomo na utafiti. Nyuma yao hufuata jamaa: mzazi aliyealikwa kumwona mwanawe, au mke anayemfuata mumewe kwa wiki mbili. Kwa kuwa likizo ndefu ya Kenya huangukia Desemba, mgeni wa aina hii aghalabu hufika huko baridi ikiwa imeshika kasi.

Safari yenyewe ni ya gharama kubwa, na kosa la mpango haliwezi kurekebishwa kwa nauli ya matatu. Mwenye pasipoti ya Kenya huhitaji viza, na ubalozi wa Japani jijini Nairobi humtaka msafiri awasilishe ratiba ya siku kwa siku inayoonyesha mji atakaokuwamo na mahali atakapolala, pamoja na ushahidi wa fedha au barua za mwenyeji wake. Kwa hivyo, swali la miji ipi itembelewe na kwa mpangilio gani hujibiwa Kalimoni kabla ya kupanda ndege. Ni busara pia kuwa na tiketi iliyowekwa tu, bila kulipiwa, hadi viza itoke.

Anayetazama ramani hushawishika kuandika miji minane katika siku kumi: Tokyo, Nagoya, Kyoto, Osaka, Hiroshima, Kanazawa, Sendai na Sapporo. Hapo ndipo penye mtego, kwani Japani haina baridi ya aina moja. Upepo mkavu na baridi kutoka Siberia huvuka Bahari ya Japani, ambayo maji yake yana joto kiasi, ukabeba unyevu mwingi. Ukigonga milima iliyo katikati ya nchi, unyevu huo humwagika kama theluji upande wa magharibi, ilhali upande wa mashariki hupata upepo uliokwisha kukamuliwa. Hivyo Tokyo mwezi Januari huwa na jua na anga ya buluu, usiku kipimo kikishuka hadi karibu nyuzi 1 za selsiasi. Kanazawa, iliyo upande wa pili, hufunikwa na mawingu, mvua na theluji. Sapporo, kaskazini kabisa, hupata karibu mita 5 za theluji kwa msimu mmoja, na wastani wa joto la Januari uko chini ya sufuri.

Mchana nao huwa mfupi. Mkazi wa Kalimoni aliyezoea jua kutua mwendo wa saa kumi na mbili u nusu atashangaa kuona Tokyo ikiingia giza saa kumi na nusu mwezi Desemba, na Sapporo saa kumi. Mtu aliyepanga kuona mahekalu matano ya Kyoto kwa siku moja hana budi kuyapunguza yawe mawili au matatu.

Kalenda ina kizuizi kingine. Mwaka Mpya ndiyo sikukuu kubwa ya kifamilia kwa Wajapani. Kuanzia tarehe 29 Desemba hadi 3 Januari ofisi za serikali hufungwa, makavazi mengi kadhalika, na mamilioni ya watu huelekea makwao. Treni za kasi za Nozomi, baina ya Tokyo na magharibi, hazina viti vya kukalia bila kuagiza katika kipindi hicho. Utaratibu huo ulianza mwishoni mwa 2023. Anayeweza kuahirisha safari hadi katikati ya Januari atakuta vyumba vya bei nafuu na misongamano michache. Anayetaka tamasha la theluji la Sapporo, lililoanza mwaka wa 1950 kwa sanamu sita za wanafunzi wa sekondari, lazima angoje mapema Februari na aagize chumba miezi kadhaa kabla.

Mpangilio wa miji una uzito kuliko idadi. Theluji huweza kufunga uwanja wa ndege wa Sapporo kwa saa nyingi, na hata treni za kati ya Tokyo na Kyoto hupunguza mwendo zinapopita Sekigahara. Kwa sababu hiyo, kaskazini kuwekwe mwanzoni mwa safari na siku mbili za mwisho zibaki Tokyo. Kuilaza Sapporo usiku wa kuamkia ndege ya kurudi Nairobi ni kucheza kamari. Kwa siku kumi, Tokyo, Kyoto na Osaka zatosha. Mwenye wiki mbili aongeze Sapporo, na njiani Sendai, mji aliosomea Samuel Wanjiru kuanzia 2002 kabla ya kutwaa dhahabu ya marathoni Beijing mwaka wa 2008.

Kuhusu nauli, ushauri wa zamani umepitwa na wakati. Pasi ya reli kwa watalii, iliyosifiwa kwa miaka mingi, ilipanda Oktoba 2023 kutoka yeni 29,650 hadi 50,000 kwa siku saba. Tokyo hadi Kyoto ni takriban yeni 14,000, hivyo kwenda na kurudi ni nafuu kwa tiketi za kawaida. Aidha, pasi hiyo ni ya wageni wa muda mfupi tu. Mwana anayesoma huko haruhusiwi kuitumia hata akiandamana na mamake.

Mavazi yasimtie mtu hofu. Makoti mazito ya Ulaya hupatikana katika mitumba ya Gikomba kwa bei ya kuridhisha. Lililo muhimu ni kuvaa matabaka: fulana nyepesi inayobana mwili, sweta, kisha koti la kuzuia upepo, kwa kuwa maduka na treni huwa na joto la kumtoa mtu jasho. Nyumba za kawaida, kinyume chake, huwa na baridi ndani, chumba kimoja tu kikiwashiwa joto. Viatu viwe na soli yenye meno na vivulike upesi, maana huvuliwa mlangoni. Soksi zenye matundu zibaki Kalimoni.

Hatimaye mizigo. Baadhi ya dawa za mafua zinazouzwa madukani Kenya huwa na pseudoephedrine, na Japani hupiga marufuku dawa ambayo kiungo hicho kinazidi asilimia 10. Maandishi ya pakiti yasomwe kabla ya kufungasha. Nyama ya kukausha na soseji alizoandaliwa mwana kwa mapenzi nazo zitachukuliwa uwanjani, na mzazi anaweza kuadhibiwa kwa kuzibeba. Majani chai hayana taabu.