Aida Overton Walker: Dada Mweusi Aliyecheza Kwa Mfalme wa Uingereza Mwaka 1903



Juzi nilikuwa kafe naperuzi picha za zamani. Mshkaji wa kompyuta ya jirani akachungulia, akauliza: "Huyo naye mtumwa wa nani, mbona kavaa hivyo?" Kwenye picha yuko dada mweusi, gauni refu mpaka chini, kidevu juu kama anadai kodi ya nyumba. Nikamjibu, huyo si mtumwa wa mtu, huyo alicheza nyumbani kwa mfalme wa Uingereza. Jamaa akacheka sana akijua nampiga fiksi. Basi leo nimeamua niandike yote, na yeye atasoma hapa hapa.

Jina lake Aida Overton Walker. Alizaliwa tarehe 14 Februari 1880, yaani miaka 15 tu baada ya utumwa kufutwa Marekani, akakulia New York. Akiwa bado binti mdogo aliingia kwenye kundi la Black Patti's Troubadours, kundi la wasanii weusi ambalo nyota wake alikuwa mwimbaji Sissieretta Jones. Mwaka 1898 akakutana na vijana wawili wachekeshaji, Bert Williams na George Walker. Mwaka uliofuata akaolewa na George.

Hapa inabidi nieleze hali ilivyokuwa, maana bila hivyo hamtaelewa ugumu wa kazi yake. Toka miaka ya 1830 huko, wasanii wa kizungu Marekani walikuwa wanajipaka masizi usoni na kuigiza mtu mweusi kama mjinga, mvivu na mwizi wa kuku. Watu walilipa kiingilio kuona hiyo. Sasa weusi wenyewe walipopata nafasi ya kupanda jukwaani, watazamaji walikuwa wameshazoea kikaragosi, na wakataka kikaragosi hicho hicho. Bert Williams, mtu mwenye kipaji cha ajabu, naye alijipaka masizi juu ya ngozi yake nyeusi. Fikiria mwenyewe.

Aida hakujipaka. Yeye alikuja na mavazi mazuri na miguu iliyofundishwa. Ndiye aliyekuwa anatunga na kupanga michezo ya kundi la Williams na Walker, kazi ambayo wakati ule wanawake wachache sana waliipata, achilia mbali mwanamke mweusi.

Silaha yake kubwa ilikuwa mchezo unaoitwa kekiwoki, yaani mwendo wa keki. Historia yake inachekesha na inauma. Wazee waliopitia utumwa walisimulia kwamba kwenye mashamba ya kusini mwa Marekani watumwa walikuwa wanawaangalia mabwana zao wakicheza dansi zao za maringo, halafu wao wanaigiza: kifua mbele, mgongo nyuma, shingo juu, hatua za madaha. Bwana shamba anaangalia, anafurahi, anawapa keki washindi. Hajui kama anayechekwa ni yeye! Baadaye wasanii wa kizungu wakauiga mchezo huo kwa kuwakejeli weusi. Alipouchukua Aida akauondolea ujinga, akaufanya wa heshima, mpaka matajiri wa kizungu wakawa wanamlipa awafundishe. Yaani wajukuu wa mabwana wanatoa pesa kufundishwa kejeli waliyofanyiwa babu zao. Mimi niliposoma hapo nilicheka peke yangu mpaka mwenye kafe akaniangalia.

Tarehe 18 Februari 1903 kundi lao lilifungua tamthilia ya muziki inayoitwa In Dahomey kwenye New York Theatre. Muziki wa Will Marion Cook, mashairi ya Paul Laurence Dunbar, hadithi ya Jesse Shipp, wote weusi. Ilikuwa mara ya kwanza kwa tamthilia ndefu ya muziki iliyoandikwa na kuchezwa na weusi kuingia kwenye ukumbi mkubwa wa Broadway. Lakini watazamaji weusi walipangiwa kukaa juu kabisa kwenye roshani. Wenye shoo yao wanachungulia kwa mbali!

Dahomey yenyewe ndiyo Benin ya leo, Afrika Magharibi. Wafaransa walikuwa wameshaiteka miaka ya 1892 hadi 1894. Kwenye tamthilia hiyo kuna matapeli wenye mpango wa kuwapeleka Wamarekani weusi wakaishi Afrika. Ni vichekesho, ila ndani yake kuna swali zito: mtu mweusi wa Marekani kwao ni wapi?

Mei 16 mwaka huo huo wakafungua London, ukumbi wa Shaftesbury. Hizo ndizo enzi za Mfalme Edward VII, aliyetawala 1901 hadi 1910, na London ilikuwa inapenda tamthilia za muziki kama sisi tunavyopenda mpira. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 23 Juni 1903, wakaitwa Buckingham kucheza kwenye bustani ya mfalme. Ilikuwa birthday ya mjukuu wake Edward, anatimiza miaka 9, yule aliyekuja kuwa mfalme na kuachia kiti mwaka 1936. London shoo ikapigwa zaidi ya mara 250, na kekiwoki ikashika mji.

Waliporudi hawakulala. Mwaka 1906 wakatoa Abyssinia, hadithi ya Wamarekani weusi wanaofika Ethiopia ya Menelik, mfalme ambaye jeshi lake liliwapiga Waitaliano Adwa mwaka 1896. Mwaka 1908 ikaja Bandanna Land, na humo Aida akacheza Salome. Mwaka huo kila mcheza dansi Ulaya na Marekani alikuwa anacheza Salome, na wengi walishindana kupunguza nguo. Aida alivaa nguo za staha kuliko wenzake. Alijua kabisa mwanamke mweusi akivua kidogo tu, ataitwa majina ambayo mzungu haitwi.

Halafu mambo yakaharibika. George akaugua kaswende, na wakati ule penisilini haikuwepo. Ulimi ukawa mzito, maneno yanampotea jukwaani. Mwaka 1909 akashindwa kabisa. Shoo ifungwe? Aida akavaa suti ya mumewe, akashika bakora yake, akaingia kuimba na kucheza sehemu zake. Watu wanashangilia, mume yuko kitandani. George alifariki Januari 1911. Aida akaendelea na makundi mengine, mwaka 1912 akacheza tena Salome kwenye ukumbi wa Hammerstein, New York. Tarehe 11 Oktoba 1914 figo zikamuua. Alikuwa na miaka 34 tu.

Kilichonigusa zaidi ni makala aliyoandika mwaka 1905 kwenye jarida la Colored American Magazine. Humo aliwajibu weusi wenzake, wale wasomi na wacha Mungu walioona jukwaa ni aibu. Hoja yake ni kwamba wanaodharau hawajui wasanii wanafanya nini kwa ajili yao, kwa sababu msanii anaingia mbele ya watu ambao mwalimu au mchungaji mweusi hawezi kufika.

Nimeisoma hoja hiyo nikamkumbuka mdogo wangu wa kike. Anacheza kwenye kikundi mtaani, na kila akirudi mazoezini nyumbani ni kesi. Mama analia, baba mdogo anasema mcheza shoo na changudoa ni kitu kimoja. Na mimi nilikuwa nakaa kimya, wakati mwingine nacheka nao. Jumamosi nilimpeleka kafe nikamwonyesha ile picha. Hakusema kitu, akaomba niiprinti.

Wengi tunamjua Josephine Baker, lakini yeye alitua Paris mwaka 1925. Aida alikuwa London miaka 22 kabla. Mlango ulishafunguliwa na mtu.

Sasa nawauliza wadau: msanii anayelazimika kuanzia kwenye kikaragosi ili apate jukwaa, amejidhalilisha au amewazidi akili? Tiririkeni hapo chini, ila matusi nafuta.

Na wewe mshkaji wa kompyuta ya jirani, unanidai cheko moja.