Tiketi Kwenye Ukurasa wa 212

Kuna tiketi ya basi la Dar es Salaam kwenda Bukoba iliyolala ndani ya riwaya moja nene, kati ya ukurasa wa 212 na wa 213. Riwaya yenyewe niliinunua Posta, kwa wale jamaa wanaopanga vitabu vya mitumba kando ya barabara, shilingi 15,000 baada ya kuvutana bei mpaka jua likatuwakia. Kurasa zile 212 nilizisoma ndani ya basi. Sikuzifurahia. Mhusika mkuu alikumbuka utoto wake kwa kurasa 40, halafu akaanza kukumbuka jinsi alivyokuwa akikumbuka. Hata hivyo, kutoka Morogoro hadi Kahama nilisoma bila kunung'unika. Giza lilipoingia nikawasha tochi ya simu, maana kwa kazi nyingine simu haikufaa: mtandao ulipotea kila tulipoingia porini. Niliposhuka Bukoba nikaichomeka tiketi pale nilipofikia. Mwaka wa pili ukaingia, na nilikuwa sijaongeza hata mstari.

Kitabu ni kilekile na macho ni yaleyale. Kwa nini basini nilikivumilia, na nyumbani, kwenye kiti kizuri na taa ya kutosha, kilinishinda?

Ukimwomba Mswahili ushauri atakupa methali, na hapo ndipo mgogoro unapoanza, kwa sababu methali zenyewe haziafikiani. Moja inasema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga: umeanza, maliza. Nyingine inasema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo: funga kitabu, tafuta kingine. Shuleni tulizikariri zote mbili kwa ajili ya mtihani, wala hakuna mwalimu aliyetuonya kwamba zikikutana zitapigana.

Wachumi wako upande wa ya pili, tena bila kusita. Wanazungumzia gharama iliyozama, yaani fedha au muda ambao hata ufanyeje haurudi. Kwa hesabu yao, gharama ya namna hiyo haina kiti kwenye kikao cha uamuzi. Shilingi 15,000 zangu zilishakwenda. Nikimaliza kitabu hazirudi, nikikiacha hazirudi. La kuuliza ni kama saa sita zijazo nizimwage humu au kwingine.

Hesabu hiyo ni nyepesi, ila binadamu haifuati. Mwaka 1985 wanasaikolojia Hal Arkes na Catherine Blumer walichapisha jaribio walilolifanya kwa wateja wa ukumbi wa maigizo wa Chuo Kikuu cha Ohio, Marekani. Watu 60 waliofika dirishani kununua tiketi za msimu mzima walipangiwa bei kwa bahati nasibu: wapo waliolipa dola 15 kamili, wapo waliopunguziwa dola 2, wapo waliopunguziwa dola 7. Viti vilevile, maigizo yaleyale. Katika nusu ya kwanza ya msimu, waliolipa bei kamili walihudhuria maonyesho mengi kuliko waliopunguziwa. Si kwamba walipenda sanaa zaidi. Pesa waliyoitoa ndiyo iliyokuwa ikiwasukuma kutoka nyumbani. Nusu ya pili, tofauti hiyo ilikuwa imetoweka. Watu hupenda kusimulia nusu ya kwanza ya tokeo hili. Mimi huvutiwa zaidi na ya pili: uchungu wa pesa nao hupoa. Kitabu ulichokinunua wiki iliyopita kinakudai. Cha mwaka juzi kimeshakusamehe.

Wataalamu wa tabia za wanyama nao walikuwa na jina lao kwa maradhi haya, na walilitoa angani. Mwaka 1962 Uingereza na Ufaransa zilitiliana saini kutengeneza Concorde, ndege ya abiria iendayo kasi kuliko sauti. Gharama zikapanda mwaka hadi mwaka, mashirika ya ndege yakajitoa moja moja, na bado kazi ikaendelea, kwa kuwa fedha zilizokwisha kutumika zilikuwa nyingi mno kuziacha. Mwishowe zilitengenezwa ndege 20 tu, na 14 kati ya hizo ndizo zilizobeba abiria hadi zilipostaafishwa mwaka 2003.

Je, mnyama naye huugua Concorde? Mwaka 1980 Richard Dawkins na Jane Brockmann walichapisha jibu lililotokana na nyigu mmoja mchimbaji wa Marekani, Sphex ichneumoneus. Jike huchimba shimo ardhini, kisha huwinda wadudu wa jamaa ya senene, huwapooza kwa mwiba wake na kuwaburuta shimoni wawe chakula cha buu atakayeanguliwa humo. Nyigu huyu angekuja Kagera mwezi wa Novemba, tungegombana naye. Basi hutokea majike wawili wakalijaza shimo moja bila kujuana, na siku wakikutana mlangoni ni vita. Mwenye akili ya kiuchumi angetazama shimo lina chakula kiasi gani, kisha apigane kwa kadiri hiyo. Nyigu hafanyi hivyo. Hupigana kwa kadiri ya wadudu aliowaleta yeye mwenyewe, hata kama shimo limejazwa zaidi na mwenzake.

Mpumbavu? Watafiti wale hawakuharakisha kumtukana. Yumkini nyigu hana njia ya kuhesabu vilivyomo shimoni. Anachokijua kwa hakika ni jasho lake. Ukikosa habari bora, jasho lako ni kipimo, kibovu lakini kipo.

Nadhani msomaji naye yumo kwenye shimo hilohilo. Anazijua kurasa alizosoma, hazijui zilizobaki. Hapo ndipo ninapotofautiana na wachumi. Mfano wao unafaa sana kwa embe bovu: ukiuma mara mbili umeshajua na ya tatu itakuwaje. Kitabu si embe. Nilianza *Nagona* ya Euphrase Kezilahabi mara tatu. Ni kijitabu chembamba, kilichotoka mwaka 1990, na mara mbili za kwanza niliamini mwandishi ananidhihaki: mji usio na jina, vifo visivyoeleweka, mtu anayetembea bila kufika. Mara ya tatu nilipofika karibu na mwisho kurasa za mwanzo ziliwaka nyuma yangu, zikanilazimu nirudi. Yapo maandishi yanayolipa mwishoni, kama mti wa mwarobaini ambao faida yake huionji kwa ulimi.

Kwa hiyo kanuni zenye namba huwa nazipokea kwa jicho la pembeni. Maarufu kuliko zote ni ya Nancy Pearl, mkutubi wa Seattle: kipe kitabu kurasa 50. Ukivuka miaka 50, toa umri wako kwenye 100. Bibi wa miaka 72 anadaiwa kurasa 28 tu, na akitimiza 100 jalada linatosha. Kwa *Nagona*, kurasa 50 ni karibu kitabu chote! Lakini ile sehemu ya umri ina busara, na kuna ushahidi unaoelekea hukohuko. Mwaka 2008 JoNell Strough na wenzake waliwapa vijana wa chuo na wazee visa vya kuwaziwa, mfano filamu mbaya ambayo umeshailipia, wakakuta wazee hawakuwa wepesi wa kunaswa na gharama iliyozama kama vijana. Mzee hana shida ya kuzima televisheni.

Kuna na lile jambo la kitabu kukutazama kutoka rafuni. Bluma Zeigarnik, mwanafunzi wa Kurt Lewin mjini Berlin, aliandika mwaka 1927 kwamba kazi iliyokatizwa hukumbukwa kuliko iliyokamilika. Mwaka uliofuata mwenzake Maria Ovsiankina akaonyesha kwamba mtu aliyekatizwa hurudi kuimalizia kazi yake hata bila kuombwa. Madai ya Zeigarnik kuhusu kumbukumbu hayajasimama vizuri yaliporudiwa na wengine. Ya Ovsiankina yamesimama. Yananitosha kueleza kwa nini nimehama nyumba na ile riwaya nikahama nayo.

Lakini bado sijalijibu swali la basi. Jibu nililipata mahali nisipotarajia, katika elimu ya jinsi wanyama wanavyotafuta chakula. Mwaka 1976 mwanaikolojia Eric Charnov alichapisha kanuni ya hesabu inayoeleza ni wakati gani mnyama anapaswa kuondoka kwenye kichaka anachokula na kwenda kingine. Kadiri anavyokaa, matunda hupungua na kila tunda humgharimu muda zaidi. Aondoke lini? Si pale kichaka kinapoisha, wala si pale kinapomchosha. Aondoke pale anachokipata kwa dakika kinaposhuka chini ya wastani wa anachoweza kukipata katika mazingira yote, safari ya kwenda kichaka kinachofuata ikiwa ndani ya hesabu. Vichaka vikiwa karibu karibu, hama mapema. Vikiwa mbali, kaa, guguna mpaka mifupa.

Mwaka uliofuata Richard Cowie wa Oxford aliwajaribu ndege wadogo wa Ulaya, Parus major. Aliwafichia mabuu ndani ya vikombe vilivyojaa maranda ya mbao, vikombe vikatundikwa kwenye miti ya bandia. Kwa kuwa chumba hakikuwa kikubwa kiasi cha kuweka umbali wa kweli, "safari" aliitengeneza kwa vifuniko: vingine vilifunguka upesi, vingine vilibana na kumchelewesha ndege. Palipokuwa na vifuniko vya kubana, ndege walikaa muda mrefu zaidi kwenye kila kikombe kabla ya kuhamia kingine. Hawakuwa wamependa zaidi mabuu yale. Kikombe kinachofuata ndicho kilichokuwa kimekwenda mbali.

Niliposoma hivyo niliiona siti yangu, namba 14, upande wa dirisha. Pale basini kichaka kilichofuata kilikuwa umbali wa kilomita mia kadhaa. Nyumbani kipo mfukoni, kinatetemeka kila baada ya dakika mbili. Kitabu hakikuharibika nilipofika. Ujirani wake ndio uliobadilika.

Na hapo nikaelewa pia kwa nini ushauri wa Seattle huwa haunikai vizuri. Mkutubi yule anazungumza akiwa katika mji wenye maktaba kila mtaa, ambako kurudisha kitabu na kuchukua kingine ni kazi ya dakika kumi na haina malipo. Katika miji mingi ya wilaya huku kwetu, duka la vitabu maana yake ni duka la daftari, rula na vitabu vya kiada. Baba yangu mdogo, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa na vitabu visivyozidi kumi na viwili kwenye sanduku la bati, kikiwemo kimoja cha ufugaji wa samaki alichokiri kwamba kilimchosha vibaya. Alikuwa amekisoma mara nne. Nilipokuwa mvulana nilidhani ni ukaidi. Kwa kanuni ya Charnov, Baba Mdogo alipiga hesabu sawasawa: kifuniko cha kikombe kilichofuata kilikuwa kimebana mno.

Hatari yangu mimi ni kinyume chake. Simu hunifanya nione kila kitabu kama kichaka kilichokwisha, kwa kuwa hunipimia wastani kwa vitu vinavyolipa ndani ya sekunde tano. Kwa kipimo hicho *Nagona* haina nafasi, wala kitabu chochote kinachochelewa kulipa. Siku hizi nikitaka kukitendea haki kitabu kigumu sijilazimishi kwa idadi ya kurasa. Naiacha simu kwa jirani, nakwenda kukaa kivukoni Kigamboni, nikibeba kitabu kimoja tu. Nikichoka hata hapo, pasipo kingine cha kushika, nakifunga bila kesi.

Ile riwaya ya ukurasa wa 212 niliipeleka kivukoni Jumamosi mbili. Jumamosi ya pili nilijikuta nasoma matangazo yaliyobandikwa ukutani. Jumatatu nikairudisha Posta. Jamaa aliigeuza, akaitazama mgongoni, akaniuliza, "Kaka, kizuri lakini?"

"Ni cha safari," nikamwambia.

"Safari ya wapi?"

"Bukoba."

Alinipa 4,000, akaisogeza mstari wa mbele, karibu na wapita njia wanaoelekea kupanda magari. Nilikuwa nimeshafika kituoni nilipokumbuka kwamba tiketi imebaki ndani.