Maumivu Mapya Unapopunguza Steroidi: Si Kila Uchungu ni Ugonjwa Uliorudi

Mimi ni mwalimu mstaafu, nina miaka 67, mkazi wa Mji wa Kale hapa Mombasa. Miezi kumi na minne iliyopita niliamka asubuhi nikashindwa kuinua mikono kujifunga leso. Mabega yote mawili, shingo na mapaja yalikuwa yamekaza, na kutoka kitandani ilibidi nivutwe. Nyumbani kila mtu alikuwa na jina lake la ugonjwa: baridi yabisi, uzee, upepo wa bahari. Nilikandwa na kusuguliwa mafuta ya kila aina kwa wiki sita, mpaka nilipopimwa damu na kuambiwa ugonjwa wangu waitwa polimialjia rumatika.

Najua wasomaji wengi hawajalisikia jina hilo. Ni ugonjwa wa watu waliopita miaka 50, na huwapata wanawake zaidi ya wanaume. Kinga ya mwili huzusha uvimbe wa ndani kuzunguka viungo vya mabega na nyonga. Dalili yake kubwa ni mkazo wa asubuhi unaodumu zaidi ya dakika 45, tena pande zote mbili za mwili. Vipimo vya damu viitwavyo ESR na CRP, ambavyo huonyesha kuwa mwilini mna uvimbe, kwa kawaida huwa juu.

Dawa yake ni steroidi iitwayo prednisoloni, na wengi huanzishwa kati ya miligramu 12.5 na 25 kwa siku. Mimi nilianza na 15. Siku ya tatu nilikaa juu ya mbuzi nikakuna nazi mbili peke yangu, huku machozi yanitoka kwa furaha.

Lakini leo sitaki kuzungumzia siku hiyo. Nataka kuzungumzia safari ya kuiacha dawa, maana huko ndiko nilikokosea, na naogopa wengi wanakosea kama mimi.

Prednisoloni haikai mwilini bure. Ukiitumia kwa muda mrefu hupunguza nguvu za mifupa, hupandisha sukari na shinikizo la damu, na huweza kudhuru macho. Kwa hivyo daktari hukushusha. Mimi nilishushwa hadi miligramu 10 katika wiki nane za mwanzo, kisha miligramu moja kila mwezi. Safari hii kwa kawaida huchukua mwaka mmoja hadi miwili, na wengine zaidi.

Kwa nini polepole hivyo? Juu ya figo zetu kuna tezi mbili ndogo zinazotengeneza steroidi ya mwili wenyewe, iitwayo kotisoli. Mwili ukiletewa steroidi ya vidonge kila siku, tezi hizo hulala. Ukiacha vidonge kwa ghafla, huamki nazo siku hiyo hiyo. Utapata uchovu mkubwa, kizunguzungu, kichefuchefu na shinikizo la damu kushuka, na jambo hilo laweza kuua. Jirani yangu mmoja aliponiona uso umevimba aliniambia, "Bi Mwalimu, tupa dawa hizo, zakumaliza." Alinitakia mema, lakini ningemsikiliza ningejidhuru.

Mwezi wa saba, nilipofika miligramu 6, maumivu mapya yalianza. Bega la kulia liliniuma usiku nikililalia, na mchana kila nilipotaka kuchukua kitu kwenye rafu ya juu. Nikajiambia ugonjwa umerudi. Sikumpigia daktari. Nilirudi kwenye miligramu 15 kwa amri yangu mwenyewe, na baada ya siku tatu bega likapoa. Nikaona nimeshinda.

Binti yangu ndiye aliyehesabu vidonge akaona vimepungua. "Mama, nani aliyekwambia uongeze?" Sikuwa na jibu. Alinipeleka kliniki, na daktari alinichunguza kwa mkono kabla ya kusema lolote. Bega ni moja, si mawili. Mkazo wa asubuhi ulikuwa wa dakika kumi tu. Mapaja hayakuwa na neno. Akaagiza ESR na CRP, zote zikawa sawa. Kumbe ulikuwa ni mshipi wa msuli wa bega ulioumia, jambo la kawaida kwa watu wa umri wangu, na tiba yake ilikuwa mazoezi ya viungo.

"Mbona dawa ilinituliza?" nikamuuliza. Akanieleza jambo ambalo sikulijua: steroidi hutuliza uvimbe wa kila namna, hata ule usiohusu ugonjwa huu. Kwa hivyo kupoa kwa maumivu baada ya kuongeza dawa si ushahidi kuwa polimialjia imerudi. Na kuna la pili. Dawa ya juu ilikuwa imefunika maumivu mengine ya zamani, kama ya magoti yaliyochakaa. Ukiishusha, yanafunuka. Yalikuwepo siku zote.

Tangu siku hiyo nimejifunza kuyauliza maumivu mapya maswali kabla ya kuyapa jina.

Yakiwa pande zote mbili, mabegani au nyongani, na mkazo wa asubuhi unarefuka siku hadi siku, huenda ugonjwa unarudi kweli. Hutokea mara nyingi, wala si kosa la mgonjwa. Mara nyingi daktari hukurudisha kwenye kiwango cha mwisho kilichokufaa, kisha mnaanza kushuka tena.

Yakiwa ni uchungu wa mwili mzima na uchovu, yakaja siku chache baada ya kupunguza kisha yakapungua yenyewe, huenda ni mwili unazoea kiwango kipya.

Yakiwa ni maumivu makali ya mgongo yaliyoanza ghafla, hata kama hukuanguka, huenda mfupa wa uti umevunjika kwa sababu ya kudhoofika. Maumivu ya kinena yanayozidi ukitembea nayo yasipuuzwe, kwa sababu steroidi huweza kuharibu mfupa wa nyonga. Yote mawili yanataka picha, si kidonge cha ziada.

Na hapa naomba kila msomaji asimame kidogo. Mgonjwa wa polimialjia akipata maumivu mapya ya kichwa, ngozi ya kichwa ikauma akichana nywele, taya likachoka akitafuna, au jicho likaona kiza au vitu viwili viwili, hiyo ni dharura ya siku hiyo hiyo. Mishipa ya damu ya kichwani inaweza kuwa imevimba, na mtu anaweza kupofuka. Usingoje miadi ya wiki ijayo. Nenda hospitali, na ukifika taja ugonjwa wako na dawa unayotumia.

Siku hizi nina daftari la shule karibu na kitanda. Kila asubuhi naandika mambo manne: kiwango cha dawa, mkazo ulidumu dakika ngapi, wapi paliuma, na nini nilifanya jana. Siku nyingine jibu ni kwamba jana nilifua mapazia. Daktari husema ukurasa mmoja wa daftari humsaidia kuliko mimi kumwambia "nimeumwa sana mwezi huu".

Mwezi wa Ramadhani pia umenifunza. Wako wanaoacha dawa ili wafunge. Kwa steroidi hilo ni hatari. Nenda kwa daktari kabla ya mwezi kuandama, muulize kama kwa hali yako wafaa kufunga, na kama ni ndiyo, saa gani umeze. Vivyo hivyo ukishikwa na homa kali, ukitapika dawa, au ukitakiwa kupasuliwa: mwambie kila anayekutibu kuwa watumia steroidi, kwa sababu wakati huo mwili huhitaji zaidi.

Leo niko kwenye miligramu 3. Bega bado huuma siku za kufua, nami nafanya mazoezi yangu ukutani kila jioni. Mwenye mama au baba anayeshushwa dawa hii nyumbani, asimwambie avumilie tu, wala asimkimbilie kwa kidonge cha ziada. Amuulize kwanza: wapi pauma, tangu lini, na asubuhi hukaza kwa muda gani? Kisha ampigie daktari.