Je, Wajua? Rangi za Vifuniko vya Chupa za Damu

Je, wajua kwamba kinachovuta damu yako maabara ni chupa, wala si mkono wa mpimaji? Hewa yake hupunguzwa kiwandani. Sindano ikishaingia mshipani na ncha yake ya pili ikatoboa kifuniko, damu hujivuta yenyewe na kukoma inapofika kiwango.

Wajua vifuniko havikutiwa rangi kwa urembo? Zambarau ina EDTA, kemikali inayozuia damu isigande. Ni ya picha kamili ya damu. Buluu hupima kuganda, nayo lazima ijae hadi alama: sehemu 9 za damu kwa 1 ya sitrati. Kijivu ni ya sukari, nayo ina kemikali ya kuilinda, kwa sababu chembe za damu huendelea kula sukari hata zikiwa chupani. Sampuli ikicheleweshwa bila kinga hiyo, mwenye kisukari aweza kuambiwa hana tatizo!

Wajua chupa hizo zina zamu? Zambarau haiitangulii nyekundu, ambayo hupimiwa potasiamu, maana EDTA ya zambarau huwa na potasiamu. Kiasi kidogo tu kikihamia chupa inayofuata, potasiamu yako itasomeka juu, na daktari aweza kutibu ugonjwa usiokuwepo. Kukunja na kukunjua ngumi mara kwa mara nako huipandisha. Kutikisa chupa kwa nguvu hupasua chembe nyekundu; chupa hupinduliwa taratibu.

Wajua watoto wachanga waliozaliwa na mama wenye VVU, Tanzania na Kenya, hupimwa kwa matone machache ya kisiginoni yaliyokaushwa kwenye karatasi? Karatasi hiyo husafiri ndani ya bahasha, bila barafu.

Na mashine ya kuzungusha damu, wajua yaweza kuwa karatasi? Mwaka 2013 Manu Prakash wa Chuo Kikuu cha Stanford aliikuta moja Uganda ikizuilia mlango, kwa kukosa umeme. Mwaka 2017 yeye na wenzake wakatangaza kisahani cha karatasi chenye nyuzi, kinachovutwa kwa mikono kama kile kichezeo cha kifungo na uzi. Huzunguka hadi mara 125,000 kwa dakika na kutenga utegili, yaani majimaji ya damu, kwa dakika moja na nusu, kwa gharama ya senti 20 za Marekani. Ubunifu wa namna hii ndio zahanati zetu za vijijini zinaouhitaji.

Nawe msomaji, usiinuke kitini kabla jina lako halijaandikwa kwenye chupa mbele ya macho yako.