Mlimani: miswada tele, mtaji haba

Dar es Salaam University Press, au DUP, nyumba ya vitabu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yaani Mlimani, ilianza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati mgumu kwa biashara ya vitabu. East African Literature Bureau ilikuwa imekufa pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, vita vya Kagera vilikuwa vimekomba hazina ya nchi, na vifaa vya uchapaji viliagizwa kwa fedha za kigeni zilizokuwa adimu. Mwaka 1986 shilingi ikashushwa thamani. Kila kilichotoka nje kikapanda bei.

Vitabu vilitoka hata hivyo, tena vya kujivunia: tamthilia ya Penina Muhando, Lina Ubani (1984), kisha vitabu viwili vya Euphrase Kezilahabi, Karibu Ndani (1988) na Mzingile (1991). Nani mwingine angethubutu kutia fedha katika Mzingile, riwaya ngumu isiyo na uhakika wa soko la shule?

Hapo ndipo hesabu inapokataa. Mhariri, mpangaji kurasa na mchapaji hulipwa kabla ya nakala ya kwanza kuuzwa. Ukichapa chache, bei inamshinda mwanafunzi, naye anakwenda kutoa fotokopi. Ukichapa nyingi, mtaji wa kitabu kinachofuata unalala stoo, na mwandishi anasubiri mrabaha miaka nenda miaka rudi.

Nyumba za vitabu hukwepa shimo hilo kwa kuwa na kitabu kinachouzwa kila mwaka, ili kigharimie vile visivyouzika upesi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa nacho. Watafiti wa Taasisi yake ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) ndio waliotunga Kamusi ya Kiswahili Sanifu, lakini ilipotoka mwaka 1981 mchapishaji alikuwa Oxford University Press. TUKI ilipoanza kutoa kamusi zake yenyewe, ile ya Kiingereza-Kiswahili mwaka 1996 na ya Kiswahili-Kiingereza mwaka 2001, hazikupitia DUP. Kamusi upande huu, uhakiki na fasihi upande ule, ndani ya chuo kimoja! Kwa maoni yangu, utengano huo uliiumiza DUP kuliko uhaba wa karatasi.

Soko la nje lilileta nafuu. African Books Collective, iliyoanzishwa na wachapishaji wa Kiafrika na kuweka makao Oxford, huuza vitabu vya Afrika ng'ambo, na sasa huchapa nakala kadiri zinavyoagizwa, bila kuhitaji bohari.

Chuo kiunganishe kamusi na vitabu vyake vingine katika mfuko mmoja, na maktaba zetu zinunue nakala halisi.