Je, Wajua? Bakteria na Majitaka Yetu

JE, WAJUA KWAMBA…

• Mto Simiyu humwaga maji yake Ziwa Victoria, na ziwa hilohilo ndilo chanzo cha mradi mkubwa wa maji wa Mkoa wa Simiyu? Mfuko wa Kijani wa Tabianchi uliuidhinisha mwaka 2017, ukilenga wilaya za Busega, Bariadi, Itilima, Maswa na Meatu. Maji ya bomba yakiongezeka, majitaka nayo huongezeka.

• Ndani ya shimo la septiki la nyumba yako Bariadi kuna kazi inayoendelea usiku na mchana? Tope hutua chini, mafuta huelea juu, na bakteria wasiohitaji oksijeni humeng'enya uchafu. Gesi ya methani wanayotoa ndiyo ileile ya biogesi inayowasha jiko.

• Katika mabwawa ya majitaka, mwani na bakteria hulishana? Mwani hutoa oksijeni ukipata jua, bakteria huitumia kula uchafu, kisha hutoa kaboni dayoksaidi inayorudi kuwa chakula cha mwani. Hakuna umeme wala mashine. Mjini Moshi, maji yanayotoka kwenye mabwawa ya aina hiyo hutumika kumwagilia mpunga.

• Rangi ya bwawa inatoa taarifa? Kijani ni dalili njema. Likigeuka zambarau au waridi, mara nyingi limezidiwa uchafu: oksijeni imepungua na bakteria wanaotumia salfa wameshika hatamu.

• Mwaka 1914 huko Manchester, Uingereza, Edward Ardern na William Lockett walipuliza hewa kwenye majitaka, na badala ya kulitupa tope lililobaki walilitumia tena na tena? Kazi iliyochukua wiki 5 mwanzoni ikaishia kufanyika ndani ya saa 24, kwa sababu tope lile lilishajaa bakteria wenye njaa.

• Bakteria wengi wa majitaka hawakubali kuoteshwa maabara? Ndiyo maana watafiti huchukua tope kidogo na kusoma vinasaba vya wote waliomo kwa pamoja. Utafiti uliotoka mwaka 2019 ulipima mitambo 269 katika nchi 23, ukakuta aina zinazokadiriwa kufikia bilioni 1. Kundi la msingi lilikuwa la aina 28 tu.

• Wapo bakteria warefu kama uzi? Wakiwa wachache hushikilia tope lisisambaratike. Wakizidi, tope huvimba kama pamba iliyofumuka, halitui, na uchafu hutoka pamoja na maji yaliyotakiwa kuwa safi.

• Bakteria wanaoondoa amonia huzaliana polepole mno? E. coli aliyeshiba anaweza kugawanyika kila dakika 20. Hawa huweza kuhitaji siku nzima au zaidi. Sumu ikiwaua, mtambo unaweza kuyumba kwa wiki kadhaa kabla hawajarudi katika idadi yao.

Kwa hiyo, msomaji, usimwage chooni mafuta ya gari, asidi ya betri, mabaki ya viuatilifu vya pamba wala madumu ya dawa kali. Shimo likijaa, ita gari la majitaka. Usilifungulie mvua inaponyesha. Walio chini ya mto nao wanakunywa.